Nina lupasi na mazoezi yananilaza kitandani. Wenzangu mlianzaje?

Kipepeo34

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho, najua nimeandika kirefu.

Nina miaka 34, ni mwalimu, mama wa binti mmoja. Lupasi yangu, yaani ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, iligundulika miaka sita iliyopita, baada ya karibu miaka miwili ya kuambiwa mara ni upungufu wa damu, mara ni baridi yabisi, mara ni mawazo tu. Kwa sasa natumia dawa mbili kila siku, haidroksiklorokwini ya kutuliza lupasi na prednisoloni ya kushusha kinga, miligramu 5. Figo ziko salama. Mwezi uliopita daktari alitazama majibu ya damu na mkojo, akafurahi, akasema, "Ugonjwa umelala. Sasa uanze mazoezi mepesi." Nikatoka na maneno hayo, mgonjwa mwingine akaingia.

Karatasi inasema ugonjwa umelala, lakini mimi mwenyewe bado sijaamka. Uchovu wangu si wa kukosa usingizi. Nalala saa tisa nzima, naamka kama niliyebeba mawe usiku kucha. Darasa langu liko ghorofa ya pili, ngazi 38. Najua idadi yake kwa sababu nazihesabu kila siku. Nikifika ya 19 nasimama, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba mpaka pumzi irudi. Jioni binti yangu, ana miaka saba, alikuwa ananiletea kitana nimsuke. Mikono haikai juu zaidi ya dakika tano, mabega yanawaka. Siku hizi anakwenda moja kwa moja kwa shangazi yake. Haniulizi tena. Hilo la kutoulizwa liliniuma kuliko vidole vyangu vinavyoniuma.

Basi nikajiandikisha kwenye darasa la mazoezi la jioni. Sikumwambia mwalimu kwamba naumwa, nilitaka kwa mara moja niwe mtu kama wengine. Dakika 45 za kuruka, kuchuchumaa na kurusha ngumi hewani. Nilimaliza! Nilirudi nyumbani nikiimba. Kesho yake sikuweza kushika mswaki. Vidole vimevimba, joto la mwili 37.8, nikalala siku tatu na kazini sikwenda. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema sana, akaniambia, "Mama, mwili umeshasema. Pumzika." Tangu siku hiyo nikiinuka tu anainuka na yeye, ananipokonya ndoo, ananipokonya ufagio. Nashukuru, lakini nahisi kama ninazidi kuwa mdogo ndani ya nyumba yangu.

Maswali yangu kwenu mnaoishi na ugonjwa huu: mlianza na dakika ngapi hasa? Msiniambie "kidogo kidogo", nipeni namba. Na mnatofautishaje uchovu wa mazoezi na uchovu wa ugonjwa unapoanza kuamka?

DadaMkubwa_48

Mdogo wangu, pole. Nimekusoma mara mbili.

Ulitaka namba, nakupa. Nilianza na dakika nne. Nne, ndani ya nyumba, kutoka mlango wa chumbani hadi mlango wa jikoni na kurudi, viatu vya raba miguuni.

Nina miaka 48 na nimeishi na lupasi miaka 14. Kazi yangu ni kushona nguo. Mwaka wa pili ugonjwa uliniingia kwenye utando wa mapafu, nikawekwa kwenye prednisoloni miligramu 40, na ikachukua miezi mingi kuishusha. Dawa ile iliniokoa, siwezi kuisema vibaya. Lakini nilipotoka kitandani sikuweza kuinuka chooni bila kushika sinki. Nilijua ni lupasi. Nikamlilia daktari kwamba ugonjwa umehamia kwenye misuli. Akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: prednisoloni nyingi kwa muda mrefu inadhoofisha misuli, hasa ya mapaja, nyonga na mabega, na kitanda nacho kinaimaliza kabisa. Kwa hiyo sehemu ya udhaifu wangu haikuwa ugonjwa. Ilikuwa dawa pamoja na kulala. Nililia tena, safari hii kwa sababu nyingine: kumbe kuna kipande cha jambo hili ambacho mimi naweza kukigusa kwa mikono yangu.

Hayo mabega yako yanayowaka unaposuka, usiyakabidhi yote kwa lupasi.

Sasa kosa lako, na mimi nililifanya kabla yako. Ulichagua kipimo kwa siku yako nzuri. Sisi kipimo tunakichagua kwa siku mbaya. Jiulize, siku ile mbaya ya wiki, siku ambayo hakuna homa lakini hata kuoga ni kazi, ningeweza kutembea dakika ngapi? Hapo ndipo unapoanzia, hata kama leo unajisikia kupaa. Dakika nne zilinitia aibu mpaka nikawa nazifanya mlango ukiwa umefungwa. Nilizifanya siku tatu kwa wiki, kwa wiki mbili, bila kuongeza hata moja. Kisha nikaongeza moja. Wiki iliyofuata moja. Ukiona wiki imekuwa nzito, unabaki ulipo. Kubaki siyo kurudi nyuma.

Nunua daftari dogo. Langu lilikuwa na mistari minne tu kila siku: nimelala kwa muda wa saa ngapi, vidole vimekakamaa asubuhi kwa muda gani, uchovu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, nimetembea dakika ngapi. Usisome siku ya zoezi. Soma kesho yake na kesho kutwa. Mwili wetu hautoi jibu papo hapo, unalipa deni baadaye. Ndiyo maana uliimba njiani ukalia asubuhi.

Kuhusu kutofautisha, hivi ndivyo ninavyojua mimi. Uchovu wa zoezi unakaa kwenye nyama: mapaja yanauma ukiyabonyeza, pande zote mbili, na kufikia siku ya pili au ya tatu umekwisha, na usingizi unausaidia. Ugonjwa ukiamka unakaa kwenye maungio: yanavimba, yana joto, asubuhi yanakataa kukunjuka zaidi ya saa nzima. Unakuja na ndugu zake, vidonda mdomoni, upele, nywele kudondoka, homa, kifua kinachochoma ukivuta pumzi. Usingizi hauusaidii kitu. Na hiyo 37.8 yako, naomba sana umwambie daktari hata kama imeshapita. Kwetu sisi tunaotumia dawa za kushusha kinga, homa si ya kuachia zoezi. Inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa maambukizi.

Jua nalo. Darasa lako lilikuwa jioni, vizuri, lakini ukianza kutembea nje usitoke kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hata kukiwa na mawingu, vaa mikono mirefu na kofia pana, upake losheni ya kukinga jua. Mimi asubuhi na mapema vidole na magoti havijafunguka bado, kwa hiyo saa yangu ni saa kumi na mbili jioni. Kuna wanaopenda alfajiri. Sikiliza maungio yako.

Wiki ya saba niliamka mzima. Mzima kabisa, sijui kwa nini. Nikafua mapazia ya nyumba nzima, nikatembea nusu saa, nikamalizia gauni la mteja. Siku nne kitandani. Nakuambia hili kwa sababu siku nzuri ndiyo iliyoniangusha, na imeniangusha zaidi ya mara moja. Siku nzuri fanya kilichoandikwa kwenye daftari, kisha kaa chini ufurahie kwamba umebakiwa na nguvu.

Baada ya miezi sita nilikuwa natembea dakika 25. Uchovu kwenye daftari ulishuka kutoka nane hadi tano. Haukufika sifuri na hadi leo haujafika. Lakini ukiwa na tano unashona hadi jioni na unamsikiliza mtoto anapokusimulia jambo. Ukiwa na nane unamwambia baadaye.

Na kuhusu binti yako: mketishe chini kabisa, wewe kaa kwenye kiti chenye mgongo, viwiko vyako vipumzike juu ya magoti. Usisuke mikono ikiwa hewani. Mistari mitatu, pumzika, mistari mitatu.

Fizio_wa_zamu

Dada Kipepeo, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na wagonjwa wangu wengi ni wanawake wenye magonjwa ya maungio. Lupasi hasa ni ugonjwa wa wanawake, katika kila wagonjwa kumi takribani tisa ni wao, na unaanza katika umri wa kazi na kulea. Niongeze machache kwa aliyosema DadaMkubwa, ambaye ameeleza kipimo vizuri kuliko ninavyokieleza mimi kazini.

Kabla ya dakika hata moja, hakikisha uchovu huo umechunguzwa. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, vitamini D iliyoshuka kwa sababu tunawaambia mkae mbali na jua, usingizi unaokatika, huzuni ya muda mrefu, yote hayo yanaweza kukaa juu ya lupasi na kujificha nyuma ya jina lake. Kuna wagonjwa niliowapa mpango mzuri wa mazoezi ukashindwa, kumbe damu ilikuwa chini.

Hofu kubwa ninayokutana nayo ni kwamba mazoezi yataamsha ugonjwa. Swali hilo limejaribiwa. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa London wa wagonjwa 93. Wengine walifanya mazoezi yao nyumbani kwa wiki 12, wengine walijifunza kulegeza mwili, wengine waliendelea kama kawaida. Katika kundi la mazoezi, 16 kati ya 33 walisema wako nafuu sana, wakati katika kundi lililoendelea kama kawaida walikuwa 5 kati ya 32. Miaka miwili baadaye kukatoka wa Sao Paulo, Brazili, wanawake 60. Waliofanya mazoezi walifanya saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, chini ya usimamizi. Uwezo wa pumzi ulipanda, huzuni ilipungua, na kwenye dodoso la maswali 36 linalopima hali ya maisha walijaza majibu bora kuliko mwanzo. Katika tafiti hizi na nyingine zilizofuata, mazoezi yaliyopangwa hayakuonekana kuuchochea ugonjwa wenyewe. Mwaka 2023 jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya maungio ikayaweka mazoezi kwenye mwongozo wake wa lupasi, pamoja na kujikinga na jua na kuacha sigara.

Tazama hata hivyo neno "yaliyopangwa". Darasa lako la dakika 45 halikupangwa kwa ajili yako.

Ukali wa zoezi upime kwa mdomo. Ukitembea unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo pametosha. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Huhitaji saa ya kuhesabu mapigo ya moyo.

Kutembea peke yake hakutarudisha mapaja na mabega. Siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, fanya haya: keti kwenye kiti imara, inuka bila kushika, keti tena taratibu. Anza mara tano. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, jisukume mara tano. Vidole vikiwa vimevimba tumia mikono kuanzia viwiko hadi vifundo badala ya viganja, au acha siku hiyo. Miezi ikienda unaongeza hadi kumi, kisha raundi ya pili. Zoezi la kiti ndilo litakalokupandisha ngazi zako. Zoezi la ukuta ndilo litakalokurudishia kitana.

Kuna mambo yanayofuta mpango wote hadi uonane na daktari: maumivu ya kifua, hasa yanayozidi ukivuta pumzi au ukilala chali, miguu kuvimba au mkojo wenye povu, kigimbi kimoja kuvimba na kuuma peke yake, na maumivu ya kinena au nyonga yanayozidi ukisimama juu ya mguu huo. Hili la mwisho wengi hulichukulia kama msuli uliovutwa. Kwa mtu aliyewahi kutumia prednisoloni nyingi, huenda kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu, na hapo kuendelea kutembea kunaharibu.

Kwa nini nayang'ang'ania mazoezi? Kwa sababu ya moyo. Utafiti wa Pittsburgh uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta wanawake wenye lupasi wa miaka 35 hadi 44 wakipata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 kuliko wanawake wa rika lao kutoka kundi la kulinganisha. Umri wako uko mlangoni pa kundi hilo. Sikuandikii kukutisha. Presha, mafuta ya damu, sigara na miguu isiyotembea ni vitu tunavyoweza kuvifanyia kazi.

Figo_Daraja4

Samahani dada zangu, mimi nina neno, na nalisema kwa uchungu.

Nina lupasi ya figo. Kila mtu ananiambia nifanye mazoezi. Jirani, shemeji, mtu aliyesoma kichwa cha habari kwenye simu. Wanalisema kama vile nimeketi kwa hiari yangu. Nimetoka kwenye sindano za kila mwezi, miguu imejaa maji, presha inapanda, halafu naambiwa wanawake wa Brazili walifanya saa moja. Wale walikuwa na hali gani? Mbona hilo halisemwi? Mtu anayesoma hapa akiwa katikati ya moto asije akajiona mvivu kwa sababu ya namba hizi.

Kipepeo, ukiweza kutembea tembea, nakuombea. Lakini naomba na sisi tuliolala tusisahauliwe.

Fizio_wa_zamu

Dada Figo_Daraja4, una haki, na mimi ndiye niliyepaswa kuliandika. Utafiti wa London haukuchukua watu wenye ugonjwa mkali kwenye kiungo kikubwa. Kwa hiyo majibu yale ni ya watu wa aina ya Kipepeo, si ya mtu aliye kwenye matibabu makali ya figo kama wewe. Kwako sasa kazi ni dawa, presha na maji ya mwilini. Daktari wako akiruhusu, kuna vitu vya kitandani vinavyozuia maungio yasikauke: kuvuta vidole vya miguu kuja kwako na kuviachia, kukunja goti polepole, kufungua na kufunga viganja, pumzi ndefu tatu. Sivyo ili upate nguvu leo. Ni ili siku mlango ukifunguka ukute bado unaweza kuinuka. Na siku ambayo huwezi hata hivyo, huna deni na mtu yeyote.

Mume_wa_Mgonjwa

Mimi ni yule kaka anayepita humu. Mke wangu ana ugonjwa huu mwaka wa tisa. Nimesoma habari ya mume kupokonya ndoo nikajiona mwenyewe.

Shemeji, mwambie bwana hivi. Mimi nilifanya kila kitu kwa miaka mitatu, nikidhani ndiyo mapenzi. Siku moja mke wangu aliniambia, "Umenisaidia hadi sijui kufungua chupa." Tukakubaliana neno. Akisema "bado", sisogei, hata nikiona anahangaika. Akisema "njoo", naacha ninachofanya nakwenda wakati huohuo, bila swali na bila "nilikuambia". Wiki za kwanza nilikuwa naondoka chumbani kwa sababu macho yangu hayakuvumilia. Sasa tunatembea pamoja jioni, na mwendo ni wake. Nilijifunza kutembea nyuma yake hatua moja, kwa sababu nikiwa mbele bila kujua namvuta.

Usimwonyeshe tafiti. Mwonyeshe daftari. Mimi daftari ndilo lililonituliza, niliona namba na siyo hofu.

Kipepeo34

Wapendwa, nimerudi. Ni wiki ya 11 tangu niandike.

Kwanza, nilimweleza daktari ile homa. Alipima tena damu, na ikaonekana nina upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma. Nimepewa dawa, nimekaa wiki tatu bila zoezi lolote kama nilivyoshauriwa, ndipo nikaanza. Kwa hiyo wiki zangu za kutembea ni nane tu. Fizio, asante, nisingeuliza.

Nilianza na dakika tatu. DadaMkubwa, hata nne zako zilikuwa nyingi kwa siku yangu mbaya, na nilipokubali hilo nilipumua. Sasa niko dakika tisa, siku tatu kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwenye kiti nilianza mara tano nikishika meza kwa mkono mmoja. Juzi nimeinuka mara nane bila kushika. Kwenye ukuta bado ni mara tano, vifundo vya mikono havitaki zaidi.

Niliteleza wiki ya tano. Mitihani, karatasi za kusahihisha hadi usiku, halafu nikasema dakika zangu lazima. Nikatembea nikiwa sijalala. Kesho yake uchovu nane, keshokutwa tisa, lakini maungio hayakuvimba na homa haikuja. Nikasoma daftari nikaona ni usingizi, nililala kwa saa nne tu, siku tatu mfululizo. Zamani ningesema ugonjwa umerudi na ningeacha kila kitu. Safari hii nilipumzika siku mbili, nikarudi kwenye dakika tano, na baada ya wiki mbili nikawa nilipokuwa.

Namba ya uchovu ilikuwa nane nilipoanza, wiki hii wastani ni sita na nusu. Ngazi sasa nasimama ya 27, na sifungui mkoba. Nasimama tu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, unapumzika?" nikamjibu ndiyo, tukapanda wote.

Mume wangu alisoma ujumbe wa Mume_wa_Mgonjwa peke yake, akakaa kimya jioni nzima. Siku ya pili nikashika ufagio, akainuka, akaniangalia, nikasema "bado", akaketi. Niliona mikono yake ilivyokuwa imeshikana.

Dada Figo_Daraja4, nimekuandikia ujumbe wa faragha. Niko hapa hata kama ni kukaa kimya pamoja.

Na binti yangu. Sikumwambia kitu. Jumamosi nilikaa kwenye kiti chenye mgongo, nikaweka mto sakafuni mbele yangu, nikaendelea na shughuli zangu. Akaja akauangalia ule mto, akaenda kuleta kitana. Mistari mitatu, tukapumzika, akanisimulia habari za rafiki yake aliyehama shule. Mistari mitatu. Tulisuka nusu ya kichwa, akalala na nusu nyingine ikiwa imefungwa kitambaa, tukamaliza Jumapili.

Swali moja, DadaMkubwa: wiki ijayo niongeze dakika au niongeze siku ya nne?

DadaMkubwa_48

Usiongeze chochote mpaka uimalize dawa ya damu na upimwe tena. Baki na tisa. Vifundo vya mikono vikitulia, ongeza ukutani kwanza, maana Jumamosi inakuja.